Jina la Flavian Ndani ya Handaki la Saba

Kaka yangu Flavian alikuwa mwongo. Nalisema mapema, asije mtu baadaye akasema Emerensiana kamchafua ndugu yake wa tumbo moja. Marehemu hasemwi vibaya, hilo najua, lakini Flavian hajafa. Yuko nyuma ya nyumba anamwagilia mboga zake, na akinisikia atanitupia ndoo. Na atupe! Ndoo yenyewe ni yangu.

Tulizaliwa huku huku Ufipa, si mbali na Mollo, ambako upepo wa mwezi wa saba ukivuma hata kuku wanatembea upande upande. Baba yetu, Mzee Theodory, alilima ulezi na maharage, na alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani: ntumba zake. Kwa wewe usiye wa huku, ntumba ni vichuguu tunavyotengeneza shambani mvua zikielekea mwisho. Unafyeka nyasi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo uliogeuzwa, zinaoza humo humo zinakuwa mbolea. Kila Mfipa anajua kazi hiyo. Ila baba alikuwa na kawaida yake mwenyewe. Akimaliza kichuguu anakunja ngumi, anakibonyeza juu katikati, kinabaki na kitovu. Ati umande unakusanyika pale. Majirani walicheka wakafa, wakasema shamba la Theodory limelala chali. Sisi watoto tulibonyeza vitovu mpaka ngumi zikaota sugu, na Flavian alikuwa hodari kuliko wote. Mkono wake ulipopita palikuwa panaota tu, hata angezika kijiti.

Lakini nani anataka kusifiwa kwa kubonyeza udongo? Mwaka sabini na moja akafungasha blanketi, akaenda kutafuta kazi kwenye ile reli iliyokuwa inajengwa na Wachina, kule inakopita kwenye milima kuteremkia bondeni upande wa Dar es Salaam. Alikaa miaka miwili. Aliporudi alikuwa na viatu vya turubai, kofia ya kambini, kikombe cha bati kilichochorwa maua mekundu, na hadithi.

Weee, hadithi! Kwamba alikuwa kwenye kikosi cha kutoboa mlima. Kwamba kazi yake ilikuwa kuwasha baruti na kukimbia, na wenzake walikuwa wanakimbia kabla, yeye anakimbia baada. Kwamba kikombe kile alipewa mbele ya kambi nzima siku handaki la saba lilipotokea upande wa pili. Na kwamba ndani ya handaki hilo alichonga jina lake kwa patasi. Ukitoka Tunduma kwenda Dar, ukuta wa kulia, hatua ishirini toka mlangoni: FLAVIAN, UFIPA, 1972, na msalaba mdogo pembeni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yangu ilikuwa na urefu wa reli nzima, na vituo vyake vyote.

Sasa, wakati huo alikuwepo Bertilla, binti wa katekista, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa anachumbiwa na Marselino. Marselino alikuwa na darasa la saba na baiskeli yenye dinamo, vitu viwili ambavyo kwa pamoja huku kwetu vilikuwa karibu sawa na kuwa askofu. Kila mtu alijua mambo yameisha. Kisha Flavian akarudi na kikombe chake. Bertilla akasikiliza hadithi ya handaki mara moja, mara mbili, mara tatu. Akamwambia baba yake, "Mwenye baiskeli wanaweza kumwibia baiskeli. Aliyetoboa mlima, nani atamwibia?"

Wakaoana mwaka sabini na tatu. Mwaka uliofuata tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule, na Marselino akawa katibu wa kijiji. Alipata meza, muhuri na tochi ya betri tatu. Mke hakupata. Akawa anamtazama Flavian kwenye mikutano kama mtu anayetazama jipu la mwenzake, anasubiri liive.

Na Flavian hakusaidia. Kila Jumapili baada ya misa, akishapata kimpumu, pombe yetu ya ulezi, handaki linachimbwa upya. Mwaka wa kwanza mlima ulikuwa mgumu. Mwaka wa tatu ulikuwa na chatu ndani. Lakini kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu kwake, na mimi dada yake nilikiona: hakugusa bustani. Mahindi alilima, ulezi alilima, lakini mboga, thubutu! "Mkono ulioshika baruti haushiki mchicha," alisema, na wanaume wenzake wakapiga meza. Siku moja nikamkuta amechuchumaa kwenye tuta la Bertilla, peke yake, anaichambua michicha kwa vidole taratibu, anaongea nayo. Aliponiona aliruka kama nimemkuta anaiba. Nikajiambia, mh, huyu ana lake jambo.

Basi mwaka sabini na nane shamba la ulezi la akina mama wa kijiji chetu likawa la kwanza mkoani. Tusijisifu sana, mvua ilitusaidia. Zawadi ikatangazwa: wanawake wawili waende Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, nauli juu ya mkoa, na waende kwa treni kutoka Tunduma. Bertilla alikuwa kiongozi wetu shambani, kwa hiyo yeye hakupigiwa hata kura. Alisimama akaangua kile kicheko chake.

"Jamani, nitaliona jina la mume wangu!"

Marselino alikuwa pale mezani. Alifungua droo, akatoa tochi yake, ile tochi ambayo hakuwahi kumwazima hata mama yake mzazi. "Chukua, Ndugu Bertilla," akasema kwa sauti ya asali. "Mahandaki yana giza. Nenda ukamulike vizuri, utuletee taarifa mkutanoni."

Jioni hiyo tulikula kwao. Flavian hakumaliza ugali wake, na hiyo ni habari. Bertilla alikuwa anamlisha Cornelia, binti yao, akamtazama mumewe. "Baba Cornelia, mbona umenyamaza? Si utafurahi nikilisoma jina lako?"

"Nitafurahi," kaka akasema. "Ila lilichongwa zamani. Labda maji yameshalifuta."

"Maji yanafuta mwamba kwa miaka sita?" Bertilla alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameacha kutabasamu. "Nilikataa baiskeli kwa ajili ya jina hilo. Baba yangu aliaibika mbele ya watu kwa ajili ya jina hilo. Nisipolikuta, namrudia baba yangu na Cornelia mgongoni, nikamwambie alikuwa sahihi."

Alisema kwa sauti ya utani. Mimi nimekaa na Bertilla miaka mingi, na nakwambia haukuwa utani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natwanga ulezi, Flavian akaja akasimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa msibani. "Eme, nenda naye wewe."

"Kuna nini?"

"Jina halipo."

Nikaweka mchi chini. "Halipo kwenye handaki la saba, au halipo kabisa?"

"Kabisa. Sijawahi kushika baruti, Eme. Sijawahi hata kuisogelea."

"Sasa miaka miwili ulikuwa unafanya nini huko?"

"Kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Kazi tu!" Na akachuchumaa chini mbele yangu, mwanaume mzima mwenye mtoto. "Mkifika kwenye mahandaki mfanye alale. Mpe chakula kingi. Mpe kimpumu. Dada yangu, akiondoka yule mwanamke mimi nimekwisha."

Ningefanyaje? Nilimtukana kwanza, muda wa kutosha. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa akina mama nikamwambia mimi ndiye wa kwenda, maana nina mjomba Dar anayeijua mitaa yote. Mjomba huyo sina mpaka leo. Uongo ni wa ukoo.

Cornelia akabaki kwa bibi yake, sisi tukasafiri na lori la mahindi siku mbili mpaka Tunduma, juu ya magunia, vumbi limetupaka rangi moja mwili mzima. Tulipofika stesheni hatukuthubutu kukaa, tuliogopa kuchafua sakafu. Kisha treni ikaingia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutoshangaa, nimeapa, maana sipendi watu wa mjini wanione mshamba. Ilipopiga honi nilimkumbatia askari wa reli.

Daraja la tatu, viti viwili vinatazamana, sisi tukapata dirishani, upande wa kulia. Nikaanza kazi yangu mara moja. Nikatoa ugali wa ulezi, maharage, kuku mzima, viazi, na kibuyu cha kimpumu. "Kula, wifi, safari ni ndefu." Bertilla alikula kipapatio kimoja, akashukuru, akageukia dirisha. "Kunywa basi." "Kunywa wewe, wifi, mimi nahesabu stesheni." Basi kuliko kiharibike nikanywa mimi. Alipokwenda kunawa mikono nikaikamata tochi, nikageuza betri zote tatu kichwa chini, nikairudisha kwenye kikapu chake. Nikajisifu. Kisha nikalala mimi, fofofo, kibuyu kitupu mapajani.

Niliamka kumepambazuka, na dunia ilikuwa imegeuzwa. Huku kwetu nchi imelala. Unasimama mlangoni unaona nyasi mpaka zinapokutana na mbingu, na mtu anayekuja kukudai unamwona toka asubuhi. Kule nchi ilikuwa imesimama wima. Upande mmoja ukuta wa msitu, majani yanadondosha maji, ukinyoosha mkono unayachuma. Upande wa pili hakuna kitu, bonde tu, na chini kabisa mto mwembamba kama uzi wa kushonea. Treni ilikuwa inajikunja kwenye kona mpaka tukaona behewa letu la mwisho linatufuata upande wa pili wa bonde, watu wake wanatupungia mikono. Ukungu unapanda, daraja linakuja, linapita, roho inabaki nyuma kidogo halafu inakufuata. Yesu na Maria! Nikasema moyoni, hata kama Flavian ni mwongo, aliyeijenga njia hii si binadamu wa kawaida.

"Umeamka, wifi," Bertilla akasema. Alikuwa amekaa wima. Kwenye ncha ya khanga yake palikuwa na mafundo manne. "Tumepita mahandaki manne. Nafunga fundo kila moja nisipoteze hesabu. Na hebu ona, tochi ilikuwa haiwaki. Nikaifungua, kumbe betri zote zilikuwa kichwa chini. Marselino ni mjinga sana, siyo?"

"Sana," nikasema. Sikumtazama usoni.

Handaki la tano lilitumeza, giza na kelele, moshi puani, abiria wanapiga vigelegele. La sita lilikuwa fupi. Bertilla akafunga fundo, akasimama, akashusha kioo, akatoa mkono wa tochi nje. Nikajaribu kumvuta. "Wifi, utakatwa mkono!" Akaunyoosha zaidi. La saba likaja.

Taa ya Marselino ilikuwa nzuri, laana iwe juu yake. Ilimulika ukuta wote wa kulia, toka mlangoni. Saruji. Saruji laini iliyosakafiwa vizuri, inatiririka maji kidogo, hata mwamba wenyewe hauonekani, seuze jina. Hatua ishirini, hatua hamsini, mpaka mwanga wa upande wa pili ukatupiga usoni. Hapakuwa hata na mkwaruzo. Alimulika na la nane, labda kakosea hesabu. Akamulika na la tisa. Kisha akazima tochi.

"Funga dirisha, wifi," akasema. "Kuna baridi."

Nikafunga. Akaanza kufungua mafundo ya khanga, moja moja, hana haraka, na mimi nikaona ndoa ya kaka yangu inafunguliwa pale pale mbele ya macho yangu.

Mbele kidogo treni ikasimama kwenye stesheni ndogo ya milimani, jina lake nimelisahau. Tukaambiwa tunapisha treni nyingine inayopanda, watu washuke wanyooshe miguu. Akina mama wa pale walikuwa wanauza ndizi na mafungu ya mboga, majani mapana, mashina meupe, mboga ambayo huku kwetu wakati huo hatukuwa nayo. "Chainizi, mama, chainizi!" Bertilla akapita bila kuwatazama. Alikwenda mpaka nyuma ya jengo la stesheni, nikajua anatafuta mahali pa kulia. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama.

Mbele yake palikuwa na bustani kubwa kwenye mteremko. Na bustani ile haikuwa na matuta. Ilikuwa na ntumba.

Nakwambia nywele zilinisimama. Kule si Ufipa, watu wa kule hawalimi hivyo hata kwa fimbo. Ntumba, mistari na mistari, ncha za nyasi zimechungulia chini ya udongo. Na kila kichuguu, juu katikati, kilikuwa kimebonyezwa ngumi. Kila kimoja na kitovu chake, na katika kila kitovu umande wa asubuhi ulikuwa bado umekaa.

Bertilla alipiga magoti kwenye matope, na nguo yake ya Sabasaba, akaingiza ngumi yake ndani ya kitovu kimoja. "Huu ni mkono wa nani, wifi?" akaniuliza. Anajua, lakini ananiuliza.

Mzee mmoja alikuwa anapalilia pale, akasogea. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaona tunavyoshangaa. "Mmependa vichuguu? Tulifundishwa na kijana mmoja Mfipa, enzi za kambi. Flavian."

"Alikuwa anachimba handaki?" Bertilla akauliza.

Mzee akacheka mpaka akaegemea jembe. "Flavian? Handaki? Mama, yule alikuja kama kibarua wa kubeba mawe. Siku ya kwanza baruti ikalia, akapotea. Walimtafuta mpaka jioni, wakamkuta kwenye shimo la takataka la jikoni, kajifunika majani ya kabichi. Walitaka kumrudisha kwao. Sasa Wachina walikuwa na mbegu zao hizi wamezileta toka kwao, na zilikuwa zinakufa, maana mvua ya hapa inasomba udongo wote. Kijana akaziona, akaomba jembe. Basi! Kambi nzima ilikula mboga miaka miwili. Wachina wametuachia reli, yeye katuachia hii. Kijiji chote kinaishi kwa hii. Siku Flavian anaondoka, mpishi mkuu, Mchina mtu mzima, alilia, akampa kikombe chake mwenyewe cha kunywea chai. Cha maua mekundu."

Bertilla akakaa chini. Akacheka, kile kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, mpaka wauza ndizi wakaja kuchungulia. Kisha kicheko kikageuka, akalia kweli kweli.

"Kwa nini hakuniambia hili?" akasema. "Hili si zuri?"

"Ungemkubali?" nikamuuliza. "Mwanaume wa mboga, na mwenye baiskeli yuko mlangoni?"

Alifikiri. Bertilla ni mtu mkweli, hiyo ndiyo sababu niliogopa. "Sijui, wifi," akasema. "Kusema kweli sijui."

Pale pale nikamwambia yote, ugali, kimpumu, betri. "Betri nilijua," akasema. "Marselino hawezi kukosea kitu chake." Akamwomba mzee mbegu. Mzee akamkatia kitita cha mashina makavu yenye vibumba vya mbegu, akakifunga kwa kamba ya mgomba. Honi ikalia, tukakimbia.

Kwenye behewa nikamuuliza, "Sasa utamfanyaje? Utamwumbua?"

"Mimi simwumbui mume wangu mbele ya Marselino," akasema. "Lakini siwezi kulala na handaki tena. Namtaka aseme mwenyewe. Asiposema, naondoka, ziwepo mbegu zisiwepo."

Dar es Salaam sitaisimulia. Kulikuwa na joto, na mjomba wangu hakuonekana.

Tuliporudi, mkutano ukaitishwa kusikiliza taarifa ya safari. Kijiji kizima kilikuja, hata wagonjwa. Flavian alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amekonda kama mtu aliyetoka jela. Bertilla alikuwa hajamwambia neno toka tufike asubuhi, isipokuwa shika mtoto. Nikaanza mimi kusimulia maonyesho, matrekta, ng'ombe wa maziwa. Marselino akanikata.

"Ahsante, Ndugu Emerensiana. Ndugu Bertilla, wananchi wanauliza. Tochi ilimulika?"

"Ilimulika."

"Na jina la Ndugu Flavian uliliona?"

Bertilla akainuka na kikapu chake mkononi. "Mkono wa mume wangu niliuona," akasema. "Kwa macho yangu haya. Uko kule kwenye milima, na watu wa kule wanamkumbuka kwa jina."

Lo! Vigelegele! Wanaume wakampiga Flavian mgongoni mpaka akakohoa. Marselino alikuwa amevimba kama chura. Kisha akatulia, akafungua faili, na tabasamu likamrudia.

"Mungu ni mwema," akasema. "Hii barua ya wilaya imekuja juzi. Wanapasua mwamba wa barabara ya kuteremka milima ya Lyamba lya Mfipa kwenda Mtowisa, na aliyekuwa anawasha baruti ameumia. Wanatafuta mtu mwenye uzoefu. Nilikuwa na mashaka kidogo, lakini shahidi ametoka mwenyewe kuona. Ndugu Flavian, lori linapita kesho asubuhi. Je, utalitumikia taifa?"

Watu wakapiga makofi. Bertilla akageuka kuniangalia, uso umekuwa wa majivu. Lile hakulipanga. Akitaka kulifuta sasa, amemwumbua mumewe. Akinyamaza, amemtuma akafe.

"Nitakwenda," Flavian akasema kule nyuma.

Mpumbavu yule! Amejishikiza kwenye mlango, na anasema atakwenda. Angepanda lori, angewasha baruti, angekimbilia upande usio wenyewe, na tungezika viatu vya turubai. Afadhali afe kuliko aitwe mtu wa mboga. "Wifi," Bertilla akaninong'oneza, kucha zake mkononi mwangu, "atakufa huyu."

Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kile kitita cha mashina makavu, akakishika kifuani, wazi, kama mtu anayeshika mtoto. Watu waliona majani makavu tu. Flavian aliona. Aliviona vile vibumba, na kamba ya mgomba, akamwona mke wake aliyekuwa anajua kila kitu, na ambaye bado alikuwa amesimama pale na hakumwumbua.

Alikuja mbele. Njia ilikuwa fupi, ila alitembea muda mrefu.

"Ndugu Katibu," akasema, "siwezi kwenda. Sijawahi kuwasha baruti. Niliogopa, nikajificha kwenye shimo la takataka. Nilikuwa nalima mboga. Miaka miwili, mboga. Handaki la saba sijawahi hata kuingia. Jina halipo." Akamtazama mkewe. "Nilimtaka Bertilla, na sikuwa na baiskeli."

Mtu mmoja akapasuka, na wa pili, na kijiji kizima kikaanguka. Nilicheka na mimi, sioni haya, nilicheka mpaka khanga ikafunguka. Mzee mmoja akapiga kelele, "Bwana Mboga!" na jina hilo hajalivua mpaka leo. Flavian alisimama katikati ya kicheko kile kichwa chini, anasubiri jambo moja tu, na halikuwa letu sisi.

Bertilla akaenda mezani, akaiweka tochi mbele ya Marselino. "Ahsante, Ndugu Katibu. Betri ni nzima." Akamwendea mumewe, akamwekea kitita cha mbegu mikononi, akamfunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Leo ndiyo umenioa, Baba Cornelia," akasema. "Twende ukanilimie."